Makunyanzi ya Gauni la Dada

Mimi ni dobi. Kwa miaka arobaini na moja kazi yangu imekuwa kuondoa makunyanzi kwenye nguo za watu, na sijawahi kuionea haya. Kwa hiyo nisameheni kama nilicheka mpaka nikakaa chini, siku mpwa wangu aliponiambia kwamba amepata kazi ya kutia makunyanzi.

"Kuyatia?" nikauliza, nikidhani masikio yamezeeka.

"Kuyachora, Mjomba. Kwenye nguo za watu wa gemu za kompyuta."

"Watu wa gemu nao wana nguo?"

"Ulitaka watembee uchi?"

Mke wangu alikuwa pembeni akishonea vifungo vilivyong'oka kwenye mashati ya wateja. Akasema bila kuinua kichwa kwamba sasa nyumba imetimia: huyu anakunjua, yule anakunja, na yeye atabaki katikati akiokota vifungo. Tulicheka wote. Lakini kicheko changu kilikuwa na mwiba ndani yake. Baina yangu na yule binti kulikuwa na jambo la zamani, jambo la makunyanzi hasa, ambalo kwa miaka ishirini na mitatu hatukuwahi kulitaja. Nitalifikia.

Yeye ni mtoto wa marehemu dada yangu, dada tuliyeachiana ziwa. Jina la Kunyanzi nilimpa mwenyewe siku aliyozaliwa. Alitoka na uso uliojikunja kama shati lililosahaulika kwenye ndoo, nami nikasema mbele ya mkunga, "Nileteeni pasi." Dada yangu alikuwa hoi kitandani, lakini alipata nguvu ya kunirushia kandambili. Ilinipata sikioni. Jina likaganda, hata mama mtu mwisho akawa analitumia.

Siku Kunyanzi aliponipeleka kuona hiyo kazi yake, nilikwenda kama mkaguzi. Nilivaa suruali niliyoipiga pasi mara mbili, maana mganga hajigangi lakini dobi anayejiheshimu hujinyooshea. Ofisi yao iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo vya madirisha, na ngazi zake ni nyembamba kiasi kwamba watu wawili hawapishani mpaka mmoja aombe radhi. Ndani, mapazia yamefungwa mchana kweupe. Vijana wapatao kumi wamekaa kila mmoja na skrini yake, masikio wameyaziba, na hakuna aliyeitikia hodi yangu. Nikakohoa. Hakuna. Kunyanzi akanivutia kiti.

Kwenye skrini yake alisimama mwanamume mwenye koti refu la kahawia, mikono kaitandaza pande zote mbili kama anayepimwa na fundi cherehani. Koti halikuwa na mkunjo hata mmoja.

"Huyu dobi wake ni hodari," nikasema.

"Huyu bado hajavaa, Mjomba. Amepakwa rangi tu. Tazama."

Akabonyeza kitufe. Koti likamtoka yule mtu, likafumuka penye mishono, likalala bapa: mgongo huku, mkono kule, kola peke yake pembeni, kama vipande vya fundi kabla havijaungwa. Akachukua kalamu isiyo na wino, akainamia kibao cheusi kilichokuwa mezani, na kila alichokichora kibaoni kikatokea kwenye skrini. Alianza na kiwiko. Alipitisha mstari wa giza, mnene huku na mwembamba kule. Nilitegemea atumie rangi nyeusi, lakini hakutumia.

"Kivuli si cheusi," akaniambia. "Ni rangi ya nguo yenyewe ikiwa imechoka."

Akachukua kahawia ile ile, akaikoleza, akaitia buluu kidogo. Upande mmoja wa mstari akauacha mkali kama ukingo wa karatasi. Upande wa pili akausugua polepole mpaka ukayeyuka. Kisha juu ya tuta la mkunjo akagusa mwanga, mara moja tu, akaondoa mkono. Mkunjo wa pili. Wa tatu. Halafu ule mdogo unaojificha ndani kabisa ya kiwiko, ambao kila mtu anao na hakuna anayeujua isipokuwa dobi. Akabonyeza tena. Vipande vikaungana, vikamrudia yule mtu, na kiwiko kikawa kimekunjika.

Nilinyoosha mkono nikagusa skrini, nayo ilikuwa bapa, baridi, laini. Nikaondoa mkono, mikunjo ipo. Nikagusa tena, haipo. Mtu mzima mimi, nilirudia mara tatu mpaka kijana wa meza ya jirani akazibua sikio moja anitazame.

Kunyanzi akanieleza kwamba wangeweza kuumba mikunjo ya kweli, lakini kompyuta ingelemewa, na simu ya mtu wa kawaida ingezimika kabisa. Kwa hiyo nguo inabaki nyepesi, na jicho linadanganywa kwa kivuli. Akanionyesha na kosa la wanaojifunza. Mwanafunzi huchora kivuli cha jua la asubuhi, jua likiwa kulia. Mtu wa gemu akigeuka, kivuli nacho kinageuka naye, na jua linabaki limemkalia begani kama kasuku. Fundi huchora kile kivuli cha ndani tu, kilichoko penye shimo la mkunjo, ambacho jua lolote, la upande wowote, halikifikii.

Nimeona mengi. Nimeona suti iliyoliwa na panya ikarudi kuvaliwa harusini. Lakini siku ile nilishuka zile ngazi nimeshika ukuta, nikijiuliza ni nani aliyemfundisha mtoto huyu kuona. Jibu nilikuwa nalo, na ndilo lililonifanya nishike ukuta.

Sasa nirudi nyuma.

Dada yangu alikuwa karani wa posta. Mchana kutwa alikaa kwenye dirisha la stempu, akigonga mihuri kwa mkono wa kulia. Baba wa mtoto alikuwa ameshakwenda zake, na kwa heshima ya karatasi nitamwacha huko alikokwenda. Kunyanzi alikuwa mtoto wa kubebwa. Alibebwa mpaka miguu yake ikawa inaburuzika. Akiwa na miaka sita, amekwisha kuanza shule, bado alikuwa anaegeshwa kwenye kiuno cha kushoto cha mama yake, kila jioni baada ya kazi ya posta, kutoka lango la shule hadi nyumbani. Nikisema, "Mshushe huyo, ana miguu," dada yangu hujibu, "Wewe una pasi, mbona nguo zako hazijitembezi?" Hata leo sijaelewa jibu lile lilikuwa na maana gani, lakini lilikuwa likininyamazisha.

Alianguka siku moja ya Jumatatu na hakufika Ijumaa. Gauni alilolivaa siku ya mwisho ya kusimama kwa miguu yake, gauni la mikono mirefu, rangi ya majani makavu, lilibaki limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chao, mgongo ukitazama mbao. Tulipomzika, mimi na mke wangu tulihamia mle chumbani siku chache tukae na mtoto na kupanga vitu. Kila asubuhi nilimwona Kunyanzi amesimama mbele ya lile gauni, mikono nyuma, analitazama tu. Halii, haligusi. Nilidhani anahuzunika kwamba mama yake ameacha nguo chafu.

Jamani, kila mtu na kazi yake, na kazi ya mtu humpofusha. Mwalimu angemsomea. Daktari angemwangalia macho. Mimi nikaona gauni lenye makunyanzi. Roho iliniuma kwamba dada wa dobi ameondoka duniani akiacha gauni lililokunjamana. Nikalitoa msumarini mtoto akiwa shuleni. Nikalifua kwa mikono yangu, nikalitia wanga, nikawasha pasi ya makaa, nikalinyoosha kama sijawahi kunyoosha nguo ya mtu yeyote. Nililia juu yake, sifichi. Kisha nikalirudisha msumarini, limenyooka kama bango.

Mtoto akarudi. Akaweka mkoba. Akasimama mahali pake pa kila siku. Akalitazama juu mpaka chini, akalinusa, akanigeukia.

"Umemtoa mama!" akasema.

Sikuelewa. Akapiga kelele ambazo mtaa mzima ulizisikia: "Alikuwa humu! Umemtoa mama!"

Ndipo nikaelewa, na maji yakimwagika hayazoleki. Yale makunyanzi yalikuwa mwili wa dada yangu. Pale kwenye kiwiko ndipo alipoegemea. Pale mapajani ndipo alipokaa. Ndiyo iliyokuwa alama yake ya mwisho duniani, imesimama yenyewe kwenye msumari, na mimi, ndugu yake wa damu, nimeifuta kwa mikono yangu na nikajipongeza.

Miezi miwili hakunisemesha. Tulimchukua akaishi kwetu. Halafu siku moja nikamkuta dukani, chini ya meza ya pasi, na kipande cha makaa, anachora kwenye karatasi ya kufungia nguo. Alikuwa anachora kiwiko cha mkono mrefu. Alichora akakifuta kwa kiganja, akachora tena. Sikuuliza. Nikamwongezea karatasi.

Hivyo ndivyo alivyokua. Nilikuwa na sheria moja tu pale dukani, kwa sababu ya moto: akikaribia meza nasema, "Mikono mfukoni!" naye anaitia mfukoni anasimama kutazama. Yeye naye akawa na sheria yake. Kabla sijapiga pasi nguo yoyote atasema, "Subiri, Mjomba, bado sijaiona." Nami nasubiri. Shati la hakimu, suruali ya mwalimu, aproni ya mwokaji mikate, zote zilisubiri mpaka mtoto azichore. Wateja walinung'unika. Mmoja aliniuliza kama siku hizi nguo zake zinapigwa picha. Nilimwambia akipenda apeleke kwingine, na siku hizo sikuwa na wateja wa kuwafukuza hivyo. Lakini sikuwahi tena kuweka pasi juu ya nguo kabla hajaniruhusu. Hiyo ndiyo ilikuwa samahani yangu. Sijui kama aliijua kuwa ni samahani.

Na katika kusubiri kule, nami nikajifunza kutazama. Nguo ikifika mezani naijua habari yake. Mwalimu yule alikuwa akimwambia mkewe anasimama darasani kutwa, lakini suruali yake ilikaa, na ilikaa sana. Siku moja nilimwambia Kunyanzi jambo ambalo nililiona dogo: katika miaka yote sijapokea nguo ambayo kushoto kwake ni sawa na kulia kwake. Hakuna mtu wa hivyo. Akaliandika kwenye karatasi yake.

Basi. Mwaka huu ofisi yao ilianza gemu mpya. Ndani yake kuna mwanamke mmoja anayepita katika jumba lenye vyumba mia, akiwasha taa chumba kimoja baada ya kingine. Mchezaji anamfuata kwa nyuma muda wote. Kunyanzi akapewa kuchora gauni lake, mara yake ya kwanza kupewa mtu mkuu wa gemu, na hakutuambia neno. Mke wangu ndiye aliyegundua kuna kitu. "Huyu mtoto amekonda," akasema, "na anapenga kamasi bila mafua."

Jumatano asubuhi akaja dukani. Nilikuwa nanyunyizia maji shuka za nyumba ya wageni, mke wangu pembeni na vifungo vyake.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Leo ofisini hakuna watu wa kukunjwa?"

Hakucheka. Alikuwa na mfuko wa karatasi kifuani. Akauweka mezani, akautazama, akasema, "Mjomba, watalipiga pasi tena."

Chupa ya maji ilinitoka mkononi. Miaka ishirini na mitatu, na neno limetoka. Sikuhitaji kuuliza ni gauni gani.

Akanieleza amesimama wima, kama anayetoa ushahidi. Yule mwanamke wa taa amemvika gauni la mama yake. Anaikumbuka mikunjo yote ya mbele, kila mmoja, maana aliitazama siku tisa. Ameichora yote. Lakini watu wa kompyuta wana desturi ya kuokoa nafasi: wanachora nusu ya nguo, nusu ya pili wanaigeuza kama kwenye kioo. Yeye aliomba achore pande zote mbili. Mkuu wao, kijana mmoja mpole ninayemwita Miwani, alimruhusu ajaribu. Jana akalitazama gauni, akaweka kidole kifuani kwa yule mwanamke.

"Akaniuliza, hii mikunjo inakwenda wapi? Inaanzia kiunoni kulia, inapanda, inavuka kifua, inakwenda bega la kushoto. Halafu inaishia hewani. Mjomba, mkunjo hauishii hewani. Lazima kuna kinachouvuta."

"Kila mwamba ngozi huvutia kwake," nikasema.

"Ndiyo. Sasa hapa nani anavutia kwake? Mimi sikuuona mgongo. Mgongo ulikuwa mlangoni. Ameniambia mpaka Ijumaa. Nikimwonyesha inakokwenda, ataliacha lilivyo. Nikishindwa, nichukue upande wa kulia, niugeuze uje kushoto. Upande wa kushoto wote unafutwa."

Akatoa gauni kwenye mfuko. Lilikuwa vile vile nilivyoliacha. Hajawahi kulivaa, hajawahi kulifua. Mistari ya pasi yangu ya makaa ilikuwa bado kwenye mikono yake, imenyooka, na sijawahi kuichukia kazi yangu kama nilivyoichukia dakika ile.

"Wewe ndiye mtu wa mwisho aliyeuona mgongo," akasema. "Mjomba, ulipolipiga pasi, uliona nini?"

Mtu asikuambie kwamba mikono inasahau. Nilitandika gauni kwenye blanketi la meza. Nilichukua pasi ya makaa ya zamani, ambayo siku hizi inazuia mlango usijifunge, baridi, tupu. Nikafumba macho. Nikaanza kupiga pasi kinyume. Nilianzia pale nilipomalizia siku ile, pindo la chini, nikarudi nyuma. "Hapa palikuwa laini," nikamwambia. "Hapa mapajani, mistari minne, miwili imekatana. Hapa nyuma alipokaa, palikuwa pamelala kabisa, panang'aa kidogo." Alikuwa anaandika. Mke wangu alikuwa ameweka sindano chini. Kiunoni. Ubavuni kushoto, hapo palipondeka kama karatasi iliyofinyangwa, kwa sababu hapo ndipo mtoto alipoegeshwa. Nikapanda mgongo. Nikafika chini kidogo ya bega la kushoto, upande wa nyuma, na mkono ukasimama wenyewe.

Nikapagonga kwa ncha ya pasi.

"Hapa," nikasema. "Hapa palikataa."

"Palikataa vipi?"

"Palikuwa na fundo la makunyanzi, dogo, yamekusanyika kama nyota. Nilipitisha pasi, yakabaki. Nikanyunyizia maji, yakabaki. Nikanyunyizia tena. Mara tatu. Nikakandamiza kwa uzito wangu wote mpaka yakatoka."

"Fundo la nini? Alining'iniza mkoba?"

Nikafumbua macho. Nilimtazama yule mwanamke mzima wa miaka ishirini na tisa, kalamu mkononi, na nikatambua kwamba hajui. Kweli hajui. Nikamwambia mke wangu alivae gauni juu ya nguo zake, naye akalivaa bila kuuliza. Nikamwita Kunyanzi asimame ubavuni kwake, kushoto.

"Pitisha mkono nyuma. Juu kidogo. Hapo. Shika."

Akashika kitambaa kwa kiganja chote.

"Umeshika kingi. Kilikuwa kidogo zaidi. Vidole vitatu na gumba."

Akashika kwa vidole vitatu na gumba. Na mbele, kifuani kwa mke wangu, tukaiona mikunjo inainuka, mmoja, wa pili, wa tatu, kutoka kiunoni kulia, inapanda, inavuka kifua, inapita juu ya bega, inakwenda moja kwa moja kwenye ngumi yake.

"Hukuliona fundo hilo," nikamwambia, "kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa umelishika."

Hakuiachia ile ngumi. Aliitazama kama si yake. Machozi yalimtiririka wala hakuyafuta, na mke wangu akasimama wima asiharibu mkunjo, analia naye huku hatikisiki, kama askari.

"Mara tatu?" akauliza mwisho.

"Mara tatu. Nisamehe, mwanangu."

"Kumbe nilishika kweli kweli," akasema, akacheka katikati ya kilio. Ndipo akanijia mimi, akaweka kichwa begani kwangu, akaniharibia kola niliyoinyoosha asubuhi ile. Niliiacha ikunjike.

Ijumaa alinitaka niende naye. Ngazi zile zile, mapazia yale yale, na safari hii vijana wawili waliitikia hodi. Miwani alikuja akanipa kiti, akasema, "Karibu, Mzee," akasimama nyuma ya Kunyanzi, mikono kifuani.

Kunyanzi akabonyeza kitufe. Mwanamke akatokea kwenye ukumbi wenye giza, taa mkononi, akaanza kutembea akielekea mbali nasi. Sura yake haikuwa ya dada yangu. Sura ilichorwa na mtu mwingine. Lakini nilimjua kwa mgongo kabla hajamaliza hatua ya pili. Kiwiko kilikuwa kile cha dirisha la stempu. Kwapa la kulia lilikuwa na ile mikunjo mifupi ya mkono unaopanda na kushuka na muhuri. Ubavu wa kushoto ulikuwa umepondeka. Na chini kidogo ya bega, pale pale, ilikuwako ile nyota ndogo, vivuli vitano vilivyokutana, vya rangi ya majani makavu iliyochoka. Alipita chini ya taa, alipita dirishani, mwanga ukamzunguka kila upande, na ile nyota haikuhama wala kufifia.

Naapa niliogopa. Nilikuwa nimefuta kitu duniani, kikaisha kabisa, na huyu mtoto amekirudisha kwa kivuli tu, juu ya kioo bapa kisicho na uzi hata mmoja.

Miwani alisogea mbele. Alivua ile miwani yake, akaifuta, akaivaa.

"Nani kamshika hapo?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Mtoto," akasema Kunyanzi.

"Kwenye gemu hakuna mtoto."

"Najua."

Miwani akamwacha mwanamke atembee vyumba vitatu zaidi. Kisha akasema, "Usigeuze kitu. Liache lilivyo," akaondoka kwenda mezani kwake, na nikaona amekaa tu, hajagusa kompyuta.

Mwanamke akasimama mbele ya taa ya chumba cha nne, mgongo umetujaa kwenye skrini. Nyota ile ilikuwa karibu kabisa na uso wangu. Sasa, nimekuwa dobi miaka arobaini na moja. Macho yakiona kunyanzi, mkono hauombi ruhusa. Wangu ulikwisha kutoka, kiganja kimefunguka, kinakwenda kulilaza lile begani kwa dada yangu, na kilibakisha kama upana wa kidole kufika.

"Mjomba," akasema Kunyanzi nyuma yangu, taratibu. "Mikono mfukoni."

Nikaitia yote miwili.